Kilio Kilichotangulia

Buea, 2 Februari 2017

Dada Manka,

Najua ningepaswa kuanza na salamu. Babu angeniona angesema naandika kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Lakini nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, unanijua. Kwa hiyo naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si padri, si hata daftari langu la siri: nimemuua Babu.

Usipige kelele. Yu hai. Sasa hivi yuko uani anakagua kopo lake la kupimia mvua, ingawa mvua hatujaiona tangu Desemba na kopo limejaa vumbi tupu. Anaandika sifuri kwenye daftari, anatia sahihi, kama vile shamba la chai bado linamlipa.

Sasa salamu. Babu hajambo kwa kiasi, kifua humbana alfajiri. Mbuzi wa Mami Enanga amezaa pacha. Shule zimefungwa tangu Novemba na hakuna anayejua zitafunguliwa lini. Mimi ni mzima, ila silali.

Unakumbuka nilikuwa najifunza kutengeneza kurasa za mtandao kwa Kaka Eyong, kile chumba kilicho juu ya duka la matairi. Ulinicheka, ukaniita Bwana Kompyuta. Wiki ya kwanza alitufundisha vichwa vya habari na aya. Ya pili, picha. Ya tatu, rangi, nikatengeneza ukurasa wa kijani uliomtoa kila mtu machozi. Nikamtengenezea Mami Enanga ukurasa wa majani yake ya eru, akautazama akaniuliza, "Na mteja atayanusaje?"

Kisha Kaka Eyong akatuambia, "Mkitaka kula kwa kazi hii, jifunzeni matangazo ya msiba. Mji huu harusi huahirishwa. Msiba hauahirishwi." Ni kweli, kila ukuta hapa una picha ya marehemu, na wenye ndugu nje wanataka msiba wao uonekane hadi huko. Akatupa mfano wa kufuata: picha katikati, fremu nyeusi, maneno "Ameitwa Nyumbani", tarehe mbili, na chini kitabu cha rambirambi ambamo yeyote anaweza kuandika. Alisema tujaze jina la marehemu wa kubuni.

Wiki hiyohiyo ya Desemba ndiyo Babu alilazwa. Nyote mlilia. Mimi sikulia, na niliona ulivyonitazama. Niliporudi nyumbani nikafungua ule mfano, nikaweka picha ya Babu, ile ya kofia nyekundu. Nilitaka kuona itakuwaje, ili siku ikija isinikute kama mgeni. Nikaandika jina lake lote, Tamfu Ngwa Simon. Nikaandika tarehe ya kuzaliwa. Na ile nyingine nikaweka ya siku hiyo. Hapo ndipo nililia, Dada. Kisha akapona, akarudi analaani uji wa hospitali, nami ukurasa nikausahau kwenye kompyuta.

Januari nikamaliza mradi wangu wa kweli, madaftari ya Babu: miaka thelathini na mmoja ya mvua, asubuhi baada ya asubuhi. Nilinakili kila tarakimu kwa mkono. Jumanne tarehe 17, jioni, nikaupandisha mtandaoni. Nikawatumia ndugu wote kiungo, Maryland, Leeds, hata ile anwani ya zamani ya Liège, kule Ubelgiji. Niliandika tu: "Tazameni nilichomfanyia Babu." Kabla sijaufungua mwenyewe kuukagua, mtandao ukakatwa na serikali, mikoa yetu miwili yote inayosema Kiingereza. Mpaka leo haujarudi.

Siku ya tatu nilikuwa napanga mafaili yangu. Folda mbili zilikuwa zimekaa jirani. Folda ya mvua ilikuwa bado pale, haijaguswa. Niliyoipandisha ni ya msiba.

Kwa hiyo dunia nzima inaweza kuona kwamba Babu amekufa, isipokuwa sisi tunaokaa naye.

Unajua anavyosema mwenyewe: kilio kikishatoka hakirudi bure, lazima kimpate mtu. Kwetu hata mkuu wa kijiji akifa kweli haisemwi mpaka wenye kusema waseme. Mimi nimemlilia mzee aliye hai, tena mbele ya watu wa ng'ambo. Na tangu siku hiyo kikohozi kimerudi.

Simu yake nimeizima nikaizika kwenye debe la unga wa muhogo, ili asipigiwe na mtu wa kumlilia. Nimemwambia nayo imekatwa, pamoja na mtandao. Ameamini. Ndiyo maana naandika. Na hata ningekuwa na simu, mdomo wangu unaujua, hukwama kwenye neno zito.

Douala mna mtandao. Kwenye karatasi ya pili nimekuandikia neno la siri na hatua zote, moja moja. Ni kazi ya dakika kumi. Ufute, Dada. Ufute kabla hajasikia.

Mami Enanga atakuletea barua hii ndani ya gunia la eru. Amekwisha kuniuliza kama ni ya mapenzi.

Mdogo wako,
Ambe


Douala, 11 Februari 2017

Bwana Kompyuta,

Barua yako imenifikia inanuka eru mpaka bosi wangu akauliza nani amepika dukani. Hujambo? Mimi sijambo. Joto la huku Bonabéri unalijua, dawa zinayeyuka kwenye rafu. Bosi bado anasema Kifaransa changu kina mawe ya milimani ndani yake. Nimemwambia ni mawe ya kujengea.

"Nimemuua Babu." We mtoto! Nilikaa chini sakafuni na wateja wakinitazama. Safari nyingine anza na salamu.

Sikukutazama vibaya Desemba. Nilikuwa nakutazama tu.

Ukurasa nimeuona. Picha ni nzuri, sikujua unaweza kufanya kitu kama kile. Nimejaribu kuufuta nikifuata karatasi yako. Umekataa. Nitajaribu tena nikipata nafasi. Usihesabu siku.

Usiulize ni wangapi wameandika.

Simu iache kwenye unga. Usiiwashe hata kidogo, nakuomba.

Na Babu, huwa anamtaja mtu? Yaani wakati mmekaa tu, jioni, mnakula. Anamtaja mtu yeyote?

Kula vizuri. Mpe shikamoo yangu.

Manka


Buea, 15 Februari 2017

Dada Manka,

Shikamoo. Babu ameipokea salamu yako, anauliza mbona huji, anasema Douala imekumeza kama sabuni kwenye ndoo. Mbuzi mmoja wa Mami Enanga amekufa, mwingine anacheza. Kaka Eyong amefunga chumba chake, amehamia huko kwenu na wanafunzi wakubwa ili wapate mtandao. Mimi hakunichukua kwa sababu sina kitambulisho.

Umekataaje? Kompyuta haikatai kama mbuzi, Dada, ina sababu. Kuna namna tatu. Ikikuandikia maneno mekundu, umekosea neno la siri. Ikibaki nyeupe inazunguka, mtandao wenu ni dhaifu, ngoja. Ikikubali lakini ukurasa bado upo, basi umeshafutika na kivinjari chako kinakuonyesha kumbukumbu tu. Uufungue kwenye simu ya mtu mwingine. Niambie ni ipi. Usiniambie "umekataa".

Usipoweza, mtafute Kaka Eyong. Atacheka, lakini atafuta.

Jana niliiwasha simu. Nisamehe. Nilikwenda nayo nyuma ya choo, nikasema nitazame kidogo tu. Haikumaliza hata kuamka, ikalia. Namba iliyoanza na 32, ya Ubelgiji. Nikaitumbukiza kwenye unga ikiwa bado inalia, nikaifunika kwa mikono miwili kama mtu anayezamisha kuku. Babu akaita kutoka ndani, "Ambe, ni nini hicho kinacholia?" Nikasema ni mbuzi. Akasema, "Mbuzi huyo amesoma muziki."

Unauliza anamtaja nani. Anamtaja Bibi. Anamtaja yule karani wa shamba la chai aliyemwibia mwavuli. Mtu wa Liège hamtaji. Ila ile sahani yake ya bluu iko palepale rafuni, huoshwa kila Jumapili, na hakuna anayekula ndani yake. Siku moja niliweka maganda ya ndizi humo, akanitazama tu. Nikayatoa.

Kwa nini umeuliza?

Nyayo za Babu hizo, fimbo kwanza, kisha mguu mbaya. Nafunika karatasi kwa daftari la mvua.

Ambe


Buea, 1 Machi 2017

Dada,

Jumatano mbili na Jumamosi mbili Mami Enanga amerudi mikono mitupu. Mara ya mwisho aliniambia, "Mwanangu, mwanamke asiyejibu barua mara nne, tafuta mwingine."

Sina salamu nyingi. Babu hali vizuri. Amepungua, mkanda amelazimika kuutoboa tundu jipya kwa msumari. Jana aliniuliza, "Ile picha yangu ya kofia nyekundu umeipeleka wapi? Siioni kwenye albamu." Nilimwambia naitumia kwa kazi ya kompyuta. Akasema, "Itunze. Ndiyo mtakayoweka kwenye jeneza."

Jumapili nilijaribu kuja. Sikumwambia mtu. Nilipanda pikipiki hadi Mutengene. Pale kwenye kizuizi cha askari vijana wasio na vitambulisho walikuwa wameketishwa chini kwenye jua, viatu mikononi. Nikageuka kabla hawajaniona, nikarudi kwa miguu. Nilifika na malengelenge, Babu akaniuliza nilikuwa wapi, nikasema kanisani. "Misa ndefu," akasema.

Unajua ninafanya nini sasa? Nimeutengeneza ule ukurasa upya kwenye kompyuta yangu, sawasawa na ule wa kule, halafu naufuta. Ninautengeneza, naufuta. Nimeufuta mara sitini. Haya ndiyo niliyojifunza mwaka huu, Kaka Eyong hakunifundisha: ulio kwangu naweza kuuvunja nitakavyo, na ule wa kule hausikii chochote.

Alfajiri hii akikohoa niliona damu kwenye leso. Kidogo. Aliikunja haraka.

Kilio kinamtafuta, Dada. Nakuomba. Kama umenikasirikia, nikasirikie baadaye.

Ambe


Douala, 8 Machi 2017

Ambe,

Hamjambo wote. Nilikuwa na kazi nyingi, na siku kadhaa nilikuwa na homa. Ninakutumia dawa ya Babu: vijiko viwili asubuhi, viwili jioni, na ile chupa ndogo akiona damu tena. Apelekwe hospitali kesho akapimwe. Si kilio hicho, ni kifua. Mimi nauza dawa, nisikilize.

Ukurasa bado upo. Usijaribu tena kuja huku. Ukikamatwa barabarani nitafanya nini mimi?

Mstari nilioukata hapa juu usiushughulikie. Niliandika nikiwa nimechoka.

Manka


Buea, 11 Machi 2017

Manka,

Nimeushika mstari wako kwenye mwanga wa dirisha. Kalamu yako ni nyepesi. Umeandika: "Haukukataa. Sikujaribu."

Salamu sina.

Miezi miwili sasa nalala na simu iliyozikwa kwenye unga, namwosha mzee nikimtazama kama mtu anayeangalia mshumaa kwenye upepo, na wewe ulikuwa na neno la siri mfukoni. Dakika kumi! Nilidhani nimekosea maelezo. Nilikaa siku nzima nikitafuta kosa langu kwenye zile hatua, nikazirudia, nikajiita mpumbavu.

Hospitali tumekwenda. Wamesema ni mapafu, ni ya zamani, ni ya ukungu wa shamba la chai, na dawa yako ni sahihi. Damu imekoma. Hilo nakwambia kwa sababu Babu ni wako pia.

Kwa nini?

A.


Douala, 22 Machi 2017

Mdogo wangu Ambe,

Shikamoo nimpe Babu, na wewe nikupe pole. Una haki ya kuniita Manka tupu. Nimefurahi damu imekoma. Nimelia dukani, bosi akanipa siku ya mapumziko, akasema hata kilio changu kina lafudhi.

Nitakuambia yote mara moja, usinikate.

Ulipotuma kile kiungo Januari, mtu wa Liège alikifungua usiku uleule. Akanipigia. Nikapokea nikiwa nusu usingizini, na kabla sijasema kitu alikuwa analia. Sauti yake huikumbuki, ulikuwa na miaka mitano alipoondoka, Mama akiwa hajatimiza mwaka kaburini. Mimi nilikuwa na kumi na tatu, namkumbuka. Hakuwa mtu wa kulia. Alisema, "Manka, amekwenda bila kuniambia neno." Nami nilijua si kweli. Sikujua ilivyotokea, lakini nilikuwa nimezungumza na Babu mchana wa siku hiyo, alikuwa ananisimulia habari za mwavuli.

Ningesema. Neno moja tu, "Yu hai." Sikusema. Nikamwacha alie.

Nilitaka alie, Ambe. Bibi alipokufa hakuja, nikasimama mimi mahali pa mwana mbele ya kaburi, msichana wa miaka kumi na minane, watu wakinong'ona. Babu akampigia mbele yetu sote akamwambia, "Hata mimi nikifa usije." Tangu hapo miaka sita hakuna neno, si kwa Babu, si kwetu. Nikasema moyoni, sasa na wewe onja. Siku moja tu, kisha nitamwambia.

Siku ya pili nikafungua ukurasa wako nikakuta ameandika kwenye kitabu cha rambirambi. Ya tatu akaandika tena. Kila siku akitoka kazini kwenye ghala anaandika. Wengine waliandika mara moja, "pumzika kwa amani", wakaenda zao. Yeye aliendelea. Nami nikawa nangoja. Barua yako ilipofika na neno la siri, nilikaa mbele ya kompyuta ya duka kidole kikiwa juu ya kitufe, nikaona nikifuta huu, nafuta yale yote. Na nikimwambia ukweli, atanyamaza tena. Huo ndio uchoyo wangu. Nilikuwa namsoma baba yangu.

Nimechapa kurasa zote, ziko ndani ya bahasha ya kahawia. Zisome. Nakuandikia mbili hapa ili uamini.

Ya Januari 19: "Baba, uliniambia nisije, nikatii. Kwa maisha yangu yote hilo ndilo agizo lako pekee nililolitii, na ndilo nililopaswa kulivunja."

Ya Februari 23: "Leo hapa imenyesha. Nimeweka kikombe dirishani kama ulivyonifundisha. Milimita tisa. Sijui nimwambie nani."

Sasa lililo baya. Wiki iliyopita alinipigia akasema amenunua tiketi. Hati zake za kukaa kule bado zilikuwa hazijatoka, miaka kumi na mmoja anazingoja. Ukitoka kabla ya hati, hurudi. Alijua. Nikamwambia kila kitu hapohapo, nikipiga kelele: yu hai, usije, yu hai, ni kosa la mtoto, na ubaya wangu. Kisha akacheka, kisha sijui ilikuwa nini. Akasema, "Basi nimepata bahati ambayo hakuna mtu hupewa. Nakuja."

Ametua jana. Amelala sakafuni kwangu sasa hivi, miguu imetokeza nje ya godoro. Amezeeka. Mkononi alikuja na mfuko mmoja na suti ya kijivu iliyofungwa nailoni. Aliinunua Februari, ya kumvisha Babu kwenye jeneza, maana kwetu maiti hungoja miezi hadi ndugu wafike.

Ukurasa nimeufuta asubuhi hii. Yeye alikuwa ameketi karibu yangu, akasema, "Bonyeza." Dakika kumi, kama ulivyosema. Haukukataa.

Lakini hataki kuja Buea hivihivi. Anasema Babu alimkataza mlango, hata kwa msiba. Na anasema mzee aliyeliliwa akiwa hai lazima aambiwe, na wa kumwambia ni yule aliyetangulia kumlilia. Mwingine akimwambia ni tusi. Nilimwambia huyo mtoto haongei, baba, anaandika tu. Akasema, "Basi aandike."

Jumamosi asubuhi Mami Enanga atakuja sokoni kama kawaida. Tutamngoja pale. Ukituandikia "njooni", tutapanda gari asubuhi hiyohiyo. Usipoandika, nitamtafutia chumba hapa Douala, na suti ataiuza.

Nisamehe. Sijui kama mimi ningeweza kukusamehe.

Dada yako,
Manka


Buea, 24 Machi 2017

Dada Manka,

Shikamoo. Msalimie. Sijui nimwiteje kwenye karatasi, kwa hiyo msalimie tu.

Mbuzi aliyebaki ameuzwa. Mvua imeanza. Jana milimita nne, leo kumi na moja. Babu ametoka na kanzu yake ya mvua iliyochanika, amepiga magoti mbele ya kopo kama mtu anayepokea komunyo, akaniita, "Njoo, Ambe, soma wewe, macho yangu yananidanganya." Nikasoma kumi na moja. Akasema, "Hata mimi niliona kumi na moja. Nilitaka shahidi."

Bado nimekukasirikia. Lakini nimekaa na bahasha ya kahawia siku mbili, na nimeelewa kidole chako kilivyoganda. Na mimi singebonyeza. Kosa langu limemgharimu mtu huyo miaka kumi na mmoja, la kwako limemgharimu miezi miwili. Nani amsamehe nani?

Jana asubuhi nilijaribu kumwambia Babu kwa mdomo. Nilisimama mbele yake, nikasema, "Babu," nikasimama hapo. Akangoja. Ananijua, hunisubiri kama anavyosubiri maji yatulie kwenye kopo. Nikasema, "Babu, kwenye kompyuta…" Akasema, "Ee, imekufa?" Nikasema, "Hapana. Wewe ndi…" Halikutoka. Akanipigapiga begani akasema, "Mtandao utarudi, mwanangu. Kila kilichokatwa huunganishwa." Akaenda kukoka moto.

Jioni nikatoa simu kwenye unga, nikaifuta, nikaiweka juu ya meza mbele yake. Aliitazama. Akapuliza unga kwenye vitufe. Akasema, "Imefufuka?" Nikatikisa kichwa kuitikia. Hakuiwasha. Alisema tu, "Mtu aliyeificha alikuwa na sababu. Nitangoja aniambie." Kisha akala ugali wake wote, mara ya kwanza tangu Januari. Sahani ya bluu aliishusha rafuni, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo, akairudisha.

Sijui anajua kiasi gani. Sijui kama akisoma kwamba amekwisha kuliliwa moyo wake utasimama. Hospitali walisema asishtushwe. Na nisipomwambia, kesho Mami Enanga anaondoka saa kumi na moja na karatasi isiyo na neno, na yule mtu anauza suti.

Kwa hiyo nimefanya kitu kimoja ninachokiweza. Nimepanga karatasi zote mezani kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa kupanga ukurasa, kitu cha kwanza kuonwa kiwe juu. Nilitaka kuweka tarakimu za mvua juu, zimpoze. Nimezitoa. Juu nimeweka picha yenye fremu nyeusi, na jina lake, na tarehe mbili, ili ajue nilichomfanyia mimi kabla ya kingine chochote. Chini yake barua yangu ya kwanza kwako, uliyonirudishia ndani ya bahasha. Kisha kurasa za kahawia, Januari hadi Machi. Ile ya kikombe dirishani nimeiweka mwisho. Miwani yake iko kando, nimeifuta.

Na barua hii nayo itabaki wazi. Neno mnalolingoja silijui, na si langu. Nimeacha nafasi hapa chini, na kalamu. Aandike mwenyewe, au asiandike.

Ameacha kukohoa. Amesukuma kiti. Sasa hiyo fimbo, na mguu mbaya, kwenye saruji ya barazani. Mkono wangu umekwenda wenyewe kwenye daftari la mvua, kufunika, kama siku zote. Nimeurudisha magotini.

Yuko mlangoni, Dada. Anapangusa viatu. Sifuniki kitu.